Hesabu ya Mfuaji
(Dominika, 1802)

Bwana Thirkell, mshika fedha wa kikosi,
nimekuja na kamba yangu.
Sijui kuandika; nahesabu kwa mafundo.
Fundo dogo ni shati, fundo kubwa ni koti,
na palipofungwa uzi mwekundu
ni mtu ambaye hatarudi kuchukua nguo zake.

Usiniulize habari za bunduki. Mimi ni wa maji.
Mwaka wa nne huu niko chini ya ngome,
nafua makoti ya Mfalme kwa majivu na ndimu,
na rangi yake naijua kuliko fundi aliyeitia:
koti likiguswa na maji mara ya kwanza, hulia.
Mto huteremka mwekundu hadi gatini
na watoto wa mjini hudhani kumechinjwa.

Hili la kwanza ni la Skipio.
Jina hilo alipewa na sajenti mwenye orodha
siku waliponunuliwa mia na kumi kwa mkupuo,
ngozi zao zingali na mafuta
waliyopakwa merikebuni ili wang'ae.
Mnunuzi alikuwa Mfalme. Nasikia hakubishana bei.
Asubuhi pingu, adhuhuri vifungo vya shaba.
Nilimuuliza, Sasa wewe ni nini?
Akacheka, akajifuta jasho kwa mkono wa koti nililolifua jana.
"Mtumwa mwenye bunduki. Kwetu neno lake halipo."

Jina lake hasa alinipa usiku wa homa.
Wewe sikupi. Halimo katika bei ya kufua.

Halafu, Bwana, nguo zikaanza kusema.
Mtu wa bunduki huchafuka begani, baruti na grisi.
Mwezi wa tatu zikaja zimechafuka magotini,
tope jeusi la kinamasi, linanuka mayai viza,
nami nikajua kabla ya makapteni wako.
"Bunduki wamezifungia ghalani, wametupa miundu,"
alisema Plimuthi, huyu hapa, mafundo matatu.
"Leo kinamasi. Kesho miwa."
Na mshahara mwezi wa sita haujashuka kilimani;
hilo wewe unalijua, ufunguo ulikuwa kiunoni mwako.
Kukawa na uvumi kwamba gavana amewauza.
Nani aliuanzisha? Uvumi hauna mama.

Usiku wenyewe sikuuona.
Nilisikia mizinga ikipigwa saa isiyo ya salamu,
nikaanua nguo, kama mtu anayekimbia mvua.
Siku ya tatu kukawa kimya.
Wanasema wengine walijitupa gengeni.
Mimi najua tu kilichofika mlangoni mwa mto:
koti, mikono limeitandaza, uso chini,
hamna mtu ndani.

Nikalifua. Mkono una mazoea yake.
Tundu la kifuani sikulishona. Tundu si uchafu.

Unaniambia muasi hupoteza mshahara wake,
na aliyenyongwa hadai wala hadaiwi.
Haya. Yeye aliasi. Shati nalo liliasi?
Sabuni yangu iliasi?
Mashati arobaini na moja, makoti kumi na tisa,
na kaptura nyeupe zile sikuzihesabu kwa huruma,
huruma yangu mwenyewe, si yenu.

Basi ngoja kidogo, usifunge kitabu.
Leo asubuhi merikebu nyingine imetia nanga.
Nimepita uwanjani nikaona koti ninalolijua,
tundu limezibwa kwa uzi mweupe, kwa mkono wa haraka,
na ndani yake kijana anajikuna shingo,
hajui vifungo vinaanzia juu au chini.
Sajenti alimtazama, akatazama orodha,
akaita: Skipio!
Kijana hakugeuka.
Niligeuka mimi.

Koti ni peni moja na nusu, Bwana.
Ukitaka nitaanza kamba mpya.
Hii sifungui.